Kioo kimejaa samaki, ndoana zarudi tupu: kitafuta samaki kirekebishwe vipi?

SWALI: Mimi na wenzangu watatu tuna boti ya faiba ya futi 14 tunayoiweka Naivasha. Tumenunua kitafuta samaki kidogo cha inchi 5, chenye masafa mawili, kilohezi 83 na 200. Tukikiwasha, kioo kinajaa picha za samaki, lakini tunashinda kutwa na kurudi Nairobi mikono mitupu. Kinasema kina ni mita 3.1, ilhali mwanzi tunaotumia kusukuma boti unazama mpaka mita 3.9. Tukiongeza mwendo, namba ya kina inapotea na kioo kinajaa mistari. Menyu ina mambo mengi, hatujui pa kuanzia. Je, kimeharibika? Na Desemba tukikipeleka Kilifi tubadilishe nini? – Baba Imani, Rongai

JIBU: Baba Imani, mashine yenu ni nzima, msiirudishe dukani. Inafanya kazi kwa mipangilio iliyotoka nayo kiwandani, na kiwandani hawajui kama itafungwa kwenye boti ya Naivasha au ya Alaska. Sitafuata mpangilio wa menyu. Nitaanza na kile ambacho kikiwa kibaya, hayo mengine yote mtayarekebisha bure.

Chenyewe ni transdyusa, kile kipande cheusi kinachofungwa nyuma ya boti. Ndicho kinachopiga mlio, na ndicho kinachosikiliza mwangwi ukirudi. Kwenye ziwa, sauti husafiri majini karibu mita 1,480 kwa sekunde, kwa hiyo kwa kina chenu cha mita 3 mlio huenda na kurudi ndani ya milisekunde 4 hivi. Kifaa kinapokea mambo mawili tu: muda uliopita na nguvu ya mwangwi. Namba ya kina, rangi, vijipicha vya samaki, vyote vinakokotolewa kutokana na hayo mawili. Sasa hewa ikiingia kati ya transdyusa na maji, hakuna mwangwi, na hakuna cha kukokotoa. Namba ikipotea mkiongeza mwendo, mara nyingi sababu ni hiyo: mapovu.

Angalieni ilipofungwa. Iwe mbali na rafadha, yaani propela ya injini, kadiri ya sentimita 40 au zaidi, na isiwe nyuma ya ubavu wa faiba, skrubu au bomba linalotokeza chini ya boti, kwa sababu kila kinachotokeza hapo hukata maji na kuacha mkia wa mapovu nyuma yake. Rafadha nyingi za injini moja huzunguka kufuata saa ukizitazama kutoka nyuma. Kwa hizo, upande wa kulia ndio wenye maji tulivu zaidi. Uso wa chini wa transdyusa ushuke milimita chache chini ya usawa wa boti, na ukingo wake wa nyuma uwe chini kidogo kuliko wa mbele ili maji yaubane badala ya kuuruka. Mafundi wengi huifunga juu mno kwa kuogopa isigongwe na magogo. Ikiwa juu, itasoma vizuri mkiwa mmesimama na kupofuka mkianza safari, ambayo ndiyo dalili yenu hasa. Kabla ya kutoka, ifuteni kwa kitambaa chenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo. Uso mkavu au wenye mafuta hushika utando mwembamba wa hewa, na utando huo unatosha kuidhoofisha.

Mistari ni jambo jingine, na kuna jaribio linalotenganisha umeme na mapovu. Tieni nanga, zimeni injini, mtazame kioo. Kikiwa safi, washeni injini bila kuingiza gia. Mistari ikitokea hapo hapo, boti haijasogea hata hatua moja, basi si mapovu. Ni umeme wa injini unaoingia kwenye nyaya. Isipotokea mpaka boti iwe na mwendo, rudini kwenye transdyusa. Kwa kelele za umeme, msikimbilie kichuja kelele cha menyu. Kichujio hicho hakijui tofauti kati ya kelele na samaki mdogo, kinafuta vyote; kiachwe chini kabisa. Dawa ni kukilisha kifaa moja kwa moja kutoka kwenye betri yake, kwa waya wake na fyuzi yake ya ukubwa uliotajwa kwenye kijitabu, bila kupitia swichi za taa au pampu. Betri ndogo iliyofungwa ya volti 12 na ampea-saa 7, hizi za ving'ora na UPS zinazouzwa kote Luthuli Avenue, inatosha kutwa nzima, kwani vifaa vya inchi 5 vingi hula chini ya ampea 1. Waya wa transdyusa nao upitishwe mbali na nyaya za injini, usiviringishwe pamoja nazo kwa ajili ya unadhifu. Na kama mko karibu na boti nyingine yenye sona, yaani kifaa cha milio kama chenu, ya masafa hayo hayo, mtaona vidoa vinavyokatiza kioo mshazari. Hivyo ni milio ya jirani, sogeeni.

Tuje kwenye mwanzi. Hapa umenifurahisha, kwa sababu wengi huamini namba wasiipime. Tofauti yenu ni sentimita 80, nami nadhani imetokana na mambo mawili. La kwanza, kifaa hupima kuanzia kwenye transdyusa, si kuanzia juu ya maji. Boti ya futi 14 ikiwa na watu wanne, transdyusa inaweza kuwa sentimita 20 chini ya maji. Kwa hiyo 3.1 kwa kweli ni 3.3. Sentimita 60 zilizobaki ni tope. Sakafu ya Naivasha sehemu nyingi ni tope laini, na mwanzi ukisukumwa na mtu mzima hausimami penye tope, hupenya mpaka upate kitu cha kuukataa. Mlio wa kilohezi 200 kwa kawaida hurudi kutoka juu ya tope. Mashine na mwanzi vyote vinasema kweli, ila vinapima vitu viwili tofauti.

Mkitaka kuhakikisha, fanyeni walivyofanya mabaharia wa pwani tangu zamani: tupeni bildi, yaani kamba yenye uzito ya kupimia kina. Ila bildi yenu iwe na kitako kipana, kwa mfano kifuniko cha chuma cha mkebe kilichofungiwa uzito kidogo, kamba ipite katikati. Kitatua juu ya tope badala ya kuzama. Pimeni kamba, linganisheni na kioo, kisha ingieni kwenye kipengele kinachoandikwa Keel Offset au jina la karibu na hilo. Mkiweka 0.2 ya kuongeza, namba itakuwa kina cha maji kuanzia juu. Mkipendelea kujua maji yaliyobaki chini ya boti, mtapunguza badala ya kuongeza. Chagueni moja na wote wanne mjue ni ipi, maana kwenye maji ya futi tatu tofauti hiyo ndiyo rafadha nzima au rafadha iliyokwama. Wakati mko hapo hakikisheni pia kipimo ni mita, si futi.

Kuna kipengele cha aina ya maji, baridi au chumvi. Kwa Naivasha kiwe maji baridi. Kikiwa cha chumvi, kifaa hudhani sauti inakwenda kasi zaidi na kuongeza kina kwa asilimia 3 hivi: sentimita 9 kwenye mita 3, karibu mita nzima kwenye mita 30. Hicho hakikuwa chanzo cha tofauti yenu, kwani kingeongeza namba, nayo yenu ilikuwa ndogo.

Sasa samaki. Zimeni Fish ID leo hii. Ni programu inayoangalia kila mwangwi uliosimama peke yake majini, usioshikana na sakafu, na kuubandikia kijipicha cha samaki. Jani linaloelea katikati ya maji ni samaki. Fungu la mapovu linalopanda kutoka kwenye tope, na Naivasha tope linatoa mapovu, ni samaki wakubwa kwa wadogo. Tawi la mti uliozama ni familia nzima. Vifaa vingine huandika mpaka kina cha kila samaki juu ya kichwa chake, na hapo ndipo mvuvi anaposhawishika kabisa. Mimi sioni kazi ya kipengele hicho zaidi ya kuuzia kifaa dukani.

Mkishakizima mtabaki na mwangwi mtupu, na hapo usikivu ndio mpangilio wa maana kuliko yote. Kwenye menyu umeandikwa Gain au Sensitivity, kutegemea kampuni. Ukiwa chini, samaki na chambo havionekani. Ukiwa juu, kioo kinajaa unga wa vidoa. Vitabu vingi hufundisha hivi: ongeza upeo wa kioo, yaani kina cha mwisho kinachoonyeshwa, uwe mara mbili ya kina cha maji, kisha pandisha usikivu mpaka uone sakafu ya pili chini ya ile ya kwanza, yaani mwangwi uliogonga sakafu, ukarudi juu, ukagonga uso wa maji na kushuka tena. Mbinu hiyo ni nzuri penye mawe au mchanga mgumu. Juu ya tope sakafu ya pili huenda isitokee kabisa, na mtu anayeisubiri atapandisha mpaka mwisho.

Kwa Naivasha tumieni chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi. Tieni nanga penye mita 4 au 5, injini ikiwa imezimwa. Wekeni upeo wa kioo kwa mkono, sifuri mpaka mita 6, ili kisijibadilishe chenyewe. Mmoja wenu ashushe mshipi wenye chubwi kando kabisa ya transdyusa, polepole. Mtauona mstari ukianza juu kulia na kuteremka kadiri chubwi inavyoshuka. Asimame mita 3: mstari unalala. Avute nusu mita: mstari unapanda ngazi moja na kulala tena. Sasa mwingine apunguze usikivu mpaka mstari ufifie na kupotea, kisha auongeze mpaka urudi, na baada ya hapo aongeze hatua moja au mbili. Basi, hapo ndipo pa kuuacha kwa siku hiyo. Jueni kwamba kitu cha ukubwa wa chubwi yenu sasa kinaonekana, na kelele bado haijaingia. Kina kikibadilika sana, au maji yakichafuka baada ya mvua, rudieni. Mkishindwa kuuona mstari hata usikivu ukiwa juu, huenda chubwi imetoka nje ya koni, yaani eneo la maji linalofikiwa na mlio. Isogezeni karibu na transdyusa.

Zoezi hilo linafundisha pia jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Kioo si dirisha la kutazamia chini ya boti. Ukingo wa kulia ndio sasa. Chochote kilicho kushoto kwake kimeshapita. Mkitembea kilomita 5 kwa saa mnapita karibu mita 1.4 kila sekunde, na samaki aliyeko katikati ya kioo pengine alionekana sekunde 15 zilizopita, mita 20 nyuma yenu. Ukirusha ndoana chini ya boti kwa sababu yake, unavua kumbukumbu. Na boti ikisimama, kioo kinaendelea kutembea: mstari mrefu ulionyooka si samaki mrefu, ni kitu kimoja kisichohama, chambo chako labda, kinachochorwa upya kila mlio.

Utauliza, mbona hatuoni zile pinde nzuri za kwenye matangazo? Hesabu inajibu. Mlio wa kilohezi 200 kwa kawaida hushuka kama mwanga wa tochi wenye nyuzi 20 hivi. Samaki aliye mita 3 chini ya transdyusa hukaa ndani ya mwanga huo kwa upana wa mita moja tu, nanyi mnampita kwa robo tatu za sekunde. Tena, tofauti ya umbali wake alipo ukingoni na alipo katikati ni chini ya sentimita 5, ambayo kwenye kioo chenye mistari 480 na upeo wa mita 6 ni mistari minne. Upinde wa mistari minne ni kidoa. Pinde ni za maji ya kina kirefu. Kwa hiyo Naivasha msizitafute, na msipandishe usikivu mkizitafuta.

Masafa ya kilohezi 83 hufungua koni pana zaidi, nyuzi 60 hivi kwa vifaa vingi vya aina yenu. Kwenye kina chenu cha mita 3.1 maana yake ni duara la mita 3.6 chini ya boti badala ya mita 1.1. Ni nzuri mkiwa mmetia nanga na mnataka kuona chambo chenu na kinachokisogelea. Ubaya wake hujitokeza penye mteremko, kwa mfano ukingoni mwa kasoko iliyozama pale Crescent Island, ambako kina hubadilika ghafla kuliko kwingineko ziwani. Koni pana hugusa sehemu ya juu ya mteremko kwanza, kifaa kinaiita hiyo sakafu, na samaki aliyejibanza chini yake anamezwa na rangi ya sakafu. Hapo rudini kwenye 200.

Nikwambie ninavyovitumia vifaa hivi mimi. Kwenye ziwa la kina kifupi, kitafuta samaki ni cha kusomea mahali, samaki huja baadaye. Boti yenyewe huwatawanya samaki walio mita 2 au 3 chini, kwa hiyo maji matupu kiooni hayamaanishi hakuna kitu. Kambare aliyelala kwenye tope hatenganishwi na tope. Lakini sakafu haikimbii. Mstari mnene uliokolea rangi ni sakafu ngumu. Uliofifia na mwembamba ni tope. Vinyoya vinavyosimama kutoka sakafuni ni magugu. Na tangu maji ya Naivasha yapande miaka ya karibuni, kuna migunga mingi iliyozama na nyua za watu ambazo sasa ziko majini, mambo ambayo ramani za zamani haziyajui. Bass, samaki aliyeletwa kutoka Marekani katika miaka ya 1920, hupenda kujificha kwenye vitu kama hivyo. Mkiona shina kiooni, wekeni alama ya GPS kama kifaa kinayo, mrudi nyuma kwa utulivu, mtupe ndoana mkiwa mbali. Nadhani mtarudi na kitu. Mahali pa viboko lakini, tumieni macho. Sona hutazama chini, na kiboko huja kutoka pembeni.

Vipengele viwili vidogo. Kuna kinachopunguza vurugu ya juu ya maji. Kikipandishwa sana hufuta mita nzima ya juu, na mkiwa na mita 3 tu mmepoteza theluthi ya ziwa. Kiwe chini. Kasi ya kioo kutembea iwe ya juu mkiwa na mwendo, ya wastani mkiwa mmesimama.

Kilifi. Badilisheni aina ya maji iwe chumvi kabla ya kushusha boti. Maji ya chumvi hufyonza milio ya masafa ya juu zaidi kuliko maji ya ziwa, na nje ya mwamba sakafu hushuka haraka, kwa hiyo huko 83 ndiyo itakayowafikisha mbali, nayo 200 mbaki nayo ndani ya mkondo. Upeo urudisheni uwe wa kujirekebisha, na usikivu mtaupandisha. Hapo ndipo huenda mkaona pinde. Mkumbuke tu kwamba kinachorudisha mwangwi kwa nguvu ni kibofu cha hewa cha samaki, na papa hana. Papa mkubwa anaweza kuchorwa hafifu kuliko fungu la dagaa. Jambo linalowakwaza watu wa bara ni maji kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, tofauti hupita mita 3, kwa hiyo mahali mlipopita asubuhi kukiwa na mita 3 chini ya boti huenda alasiri pakawa mchanga mtupu. Namba ya kina mliyoiandika isiwe na maana kwenu bila saa mliyoisoma.

Jioni osheni transdyusa na viungio vya nyaya kwa maji ya mfereji, mkaushe. Na siku mtakayorudi Naivasha, kabla ya nanga, rudisheni aina ya maji kuwa baridi. Hicho ndicho kipengele kinachosahaulika kuliko vyote.